Otto Gauer na moyo usio na uzito

Kaa baharini maji yakufike shingoni, na baada ya muda mkojo utakubana hata kama hukunywa kitu. Si baridi peke yake. Maji yanaibana miguu na tumbo, damu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, inapanda kifuani, vyumba vya juu vya moyo vinatanuka, na figo zinaarifiwa kwamba mwilini kuna maji ya ziada. Nikifundisha somo hili simkwepi Otto Gauer, mwanafiziolojia wa Kijerumani aliyezaliwa 1909.

Gauer alianzia kwenye tiba ya urubani, enzi za Wanazi. Mwaka 1939 yeye na Siegfried Ruff walichapisha utafiti kuhusu nguvu za mwendo wa ndege ambazo rubani anaweza kuzihimili. Ruff baadaye alishtakiwa Nuremberg katika kesi ya madaktari wa Kinazi, akaachiwa huru. Fani yetu haikuzaliwa mahali pasafi, na darasani silifichi hilo.

Mwaka 1950 Gauer alieleza kipimo kidogo sana cha shinikizo, cha kupenyezwa ndani ya mshipa. Mwaka huohuo, miaka 11 kabla ya Gagarin, binadamu wa kwanza angani, kuruka, aliandika na Heinz Haber juu ya binadamu asiye na uzito. Kazi iliyompa jina ni ile ya 1956, akiwa na James Henry: walipotanua chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa mbwa kwa kiputo cha mpira, mbwa alikojoa zaidi.

Kutoka hapo utabiri ulijiandika wenyewe. Angani damu ya miguuni itahamia kifuani, shinikizo la vena ya kati, yaani vena kubwa iliyo karibu na moyo, litapanda, na mwanaanga atakojoa sana. Gauer alifariki 1979 bila kuona jibu.

Jibu lilipokuja liliwashangaza wengi. Mwaka 1983, ndani ya Spacelab-1, maabara iliyobebwa na chombo cha anga, kikundi cha Karl Kirsch wa Berlin kilipima shinikizo kwenye vena ya mkono wa wanaanga, na likawa chini kuliko la duniani. Wapo waliotilia shaka: mkono si kifua, na vipimo vilichelewa. Basi Juni 1991 mwanaanga Drew Gaffney alirushwa angani akiwa na katheta, mrija mwembamba wa kupimia, tayari karibu na moyo. Mara tu uzito ulipotoweka, shinikizo lilianguka. Wanaanga wengine wakapimwa baadaye, na wastani ukashuka kutoka kama sentimita 8 za maji mtu akiwa amekaa hadi chini ya 3. Lakini ultrasaundi ilionyesha moyo umejaa zaidi!

Hapa ndipo utamu ulipo. Kinachotanua moyo si shinikizo la ndani peke yake. Ni tofauti kati ya la ndani na la nje. Bila uzito, kifua na viungo vya tumbo haviuelemei tena moyo, kwa hiyo shinikizo la nje hushuka zaidi ya lile la ndani linavyoshuka. Moyo unajaa huku kipimo kikisoma kidogo. Ila ile mikojo mingi haikuonekana kama ilivyotarajiwa. Kichefuchefu na kutokunywa vya kutosha huchangia.

Hata leo naona mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia akiongezewa dripu, au akinyimwa, kwa kusoma namba ya vena ya kati tu. Mashine ile inasukuma hewa kifuani, yaani inabadilisha shinikizo la nje ya moyo kila pumzi. Ultrasaundi ya moyo ingejibu haraka zaidi.