"Haikompaili" si jina la kila kosa

Wiki hii nimesoma tena ripoti ya hitilafu kwenye mradi wa programu huria, sentensi moja tu: "Haikompaili kwenye Linux, kwenye Mac iko sawa." Chini yake umebandikwa mstari huu: "undefined reference to `pow'", yaani pow (kipengele cha kukokotoa vipeo) imetajwa lakini haikupatikana. Jamani, hiyo imekompaili vizuri kabisa.

Kwa ufupi: kompaila husoma faili za msimbo moja moja na kuzigeuza kuwa lugha ya mashine, zile faili za .o. Linka huzichukua hizo, ikaziunganisha na maktaba, ikatoka programu moja. Kompaila ikigoma, mara nyingi haijaelewa ulichoandika, au haikuona faili uliyoiambia isome. Linka ikigoma, mara nyingi kuna kitu umekitaja na hakipatikani popote.

Siwalaumu sana wanaochanganya, maana neno lenyewe limezaliwa limechanganyika. Compilare ya Kilatini ilikuwa kupora, kuzoa vya watu. Baadaye ikawa kukusanya maandishi ya huku na huku. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipotengeneza A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC I, aliiita kompaila kwa maana hiyohiyo ya kukusanya. Vijiprogramu vilikuwa tayari kwenye utepe, kila kimoja na namba yake ya kukiitia, na A-0 ikivizoa na kuvipanga kwa mfuatano unaotakiwa. Sasa hiyo si ndiyo kazi ya linka? Jina likaja kuhamia kwa mtafsiri wa lugha, na mkusanyaji akatafutiwa jina jingine. Ndiyo maana anayeiita kompaila "kikusanyaji" ametafsiri barabara neno la 1952, ila chombo cha leo kimempita pembeni.

Turudi kwa pow. Kwenye Mac, hesabu zimo ndani ya maktaba ya mfumo ambayo huunganishwa bila kuombwa. Kwenye Linux, programu ya lugha ya C huhitaji maktaba ya hesabu itajwe kwenye amri kwa -lm. Faili ya math.h, yenye orodha ya majina ya vipengele vya hesabu, imeshaihakikishia kompaila kwamba pow ipo, nayo imeridhika. Mwenzetu wa ripoti ile ameongeza #include tatu zaidi (mistari ya kuiambia kompaila isome faili kama hiyo), zote za bure, kwa sababu alidhani anagombana na kompaila. (Kuna mtego mwingine hapa: ukijaribu kwa pow(2.0, 3.0), GCC (kompaila maarufu kwenye Linux) inaweza kuikokotoa yenyewe, kosa lisitokee, ukaapa kwamba tatizo limeisha.) Na hiyo -lm iwekwe mwishoni, baada ya faili zinazoihitaji, ikitangulia, inaweza isisaidie kitu.

Kinachoniudhi ni kwamba mashine yenyewe imeshataja mhusika. Mstari wa mwisho kwenye ripoti ileile unasema: "collect2: error: ld returned 1 exit status". ld ndiyo linka. Na collect2, chombo cha GCC kinachoiita, kina neno la kukusanya kwenye jina lake. Kwa Visual Studio, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, ni rahisi zaidi: namba ya kosa ikianza na LNK ni linka, ikianza na C peke yake ni kompaila.

Kwa hiyo, ndugu, ripoti ijayo andika "haiunganiki kwenye Linux", halafu ubandike na amri nzima uliyoiendesha, maana hapo -lm ikikosekana tutaiona papo hapo.