"Sivuti" na "najaribu kuacha"

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa watu wanaotaka kuacha sigara, na siku hizi sikio langu hukimbilia kitenzi kwanza. Mtu akinyooshewa pakiti kijiweni, "Chukua moja basi," hujibu kwa namna tatu. "Najaribu kuacha." "Siwezi, daktari amenikataza." Au kwa kifupi, "Sivuti." Wote wamekataa. Ila wa kwanza bado ni mvutaji, yuko mapumzikoni tu, na wa pili ni mvutaji aliyefungwa mikono. Wa tatu ametaja yeye ni nani.

Nikotini, kilevi kilicho kwenye sigara, ina adhabu yake ya mwili ukiiacha: hasira za karibu, usingizi wa kukatika, akili kutotulia. Wiki ya kwanza ndiyo kali, na kwa wengi hali hupoa sana ndani ya mwezi. Mbona basi mtu anarudi mwezi wa tano? Kwa wengi niliowahudumia, alikuwa amejizuia muda wote huo bila kubadili jina analojiita, mvutaji. Kujizuia kunachosha, maana kila asubuhi unaamua upya.

Lakini jina jipya halipatikani kwa kulitamka mbele ya kioo, na hapa sikubaliani kabisa na wahamasishaji. Mwanasaikolojia Daryl Bem wa Marekani alieleza mwaka 1972 kwamba mara nyingi tunajijua kama tunavyowajua wengine, kwa kutazama matendo. Nafsi inadai ushahidi.

Mteja wangu mmoja ni dereva. Kila akizima injini, mkono ulipanda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Tukakubaliana mfuko ule ukae kalamu na kidaftari cha mafuta. Mkono uliendelea kupanda, ukikuta kalamu, naye akawa anaandika kilomita. Siku moja utingo alimwomba kiberiti. Akajipapasa, kisha akasema, "Mimi kiberiti cha nini?" Sentensi hiyo sikumfundisha mimi.

Miezi miwili baadaye alivuta msibani. Alikuja ameinamisha kichwa: "Dada, mimi ndivyo nilivyo." Hapo nilimkatiza, kwa sababu maneno hayo humrudisha mtu kwenye pakiti kuliko ile sigara yenyewe. Nilimwomba kidaftari. Tukahesabu kurasa pamoja, siku baada ya siku, mpaka ile moja ya msibani. Kisha nikamuuliza kesho kahawa atainywa wapi, mbali na pakiti.