Kwa nini rekodi ya kasi majini haijaguswa tangu 1978

Vijana wa Kibirizi wakifunga mashine mpya kwenye boti, swali ni lile lile: fundi, ziwa lote hili la Tanganyika, kilomita zaidi ya 600, mbona wavunja rekodi hawaji Kigoma? Hawaji kwa sababu urefu si shida yao. Kinachopimwa ni kipande cha kilomita moja. Unakipita kwenda, unakipita kurudi, yote ndani ya saa moja, kisha unachukuliwa wastani. Wanachotafuta ni maji yaliyolala. Huku kwetu kusi ikishachachamaa, mawimbi yanafika yameshajikusanyia nguvu tangu upande wa Zambia. Ndiyo maana ukisoma habari zao unakutana na maziwa madogo na mabwawa: Windermere na Coniston za Uingereza, Blowering la Australia.

Rekodi yenyewe ni ya Ken Warby wa Australia, bwawa la Blowering, 8 Oktoba 1978: kilomita 511 kwa saa. Kila sekunde mita 142.

Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo ukitaka kasi lazima uyatoke. Boti hizi zikishakolea zinagusa maji sehemu tatu tu, mbili ubavuni mbele na moja tezi, yaani nyuma, na hewa inapita chini ya tumbo. Hewa hiyo ndiyo inayoipunguzia boti uzito, na ndiyo inayoua. Nyie wenyewe mnajua boti tupu inayorudi kutoka Gombe: nahodha kafungua mafuta yote, omo, yaani pua ya boti, imenyanyuka hata mbele haoni, anampigia mtu kelele asogee akakae mbele. Kwa mwendo wetu hilo linatosha. Kwenye kilomita 500, omo ikizidi nyuzi chache tu, tumbo zima linageuka bawa, boti inapaa na kupinduka kinyumenyume. Nafasi ya kupunguza moto haipo.

Mwingereza Donald Campbell alikufa hivyo Coniston, 4 Januari 1967. Safari ya kwenda alipata kilomita 478 hivi kwa saa. Badala ya kungoja maji yatulie, akageuza na kurudi moja kwa moja. Mwendo ulishapita 500 boti ilipoinuka. Mabingwa bado wanabishana kiini kilikuwa nini, na mimi siweki yote kwenye mawimbi yake mwenyewe, lakini sharti la saa moja linamsukuma dereva kukimbilia maji aliyoyavuruga yeye. John Cobb alikuwa ameshakufa akisaka rekodi hiyo hiyo kwenye ziwa Loch Ness, Uskoti, mwaka 1952. Henry Segrave alikufa Windermere mwaka 1930, na inasemekana aligonga gogo. Gogo! Baada ya mvua Malagarasi inatuletea mangapi?

Sasa utamu uko wapi? Mwaka 1915 Waingereza walipoburuta boti zao Mimi na Toutou nchi kavu mpaka Tanganyika, kasi ilikuwa na kazi: waliikamata meli ya Kingani ya Wajerumani waliokuwa na ngome hapa Kigoma. Rekodi haina kazi ya namna hiyo. Kinachotuwasha sisi mafundi ni Warby mwenyewe. Boti yake, Spirit of Australia, aliichora na kuiunda uani kwake Sydney kwa mbao na faibaglasi, akaipachika injini kuukuu ya ndege ya jeshi. Campbell alikuwa na jina la baba yake, bingwa kabla yake. Huyu alikuwa na ua na turubai. Ukiwa na randa mkononi, unajiona nawe unaweza.

Lee Taylor alijaribu kurudisha rekodi mikononi mwake ziwa Tahoe, Marekani, mwaka 1980, akafa. Craig Arfons akajaribu Florida mwaka 1989, naye akafa. Mtoto wa Warby, Dave, ameunda Spirit of Australia II akiitaka rekodi ya baba yake. Akinihitaji nimkagulie pembe ya omo, naenda kwa nauli yangu. Kile kiti akikalie mwenyewe.