Kushika na kuachia katika uhalisia pepe

Miwani ya uhalisia pepe, ile inayokuonyesha dunia ya picha za kompyuta kana kwamba umo ndani yake, ikiletwa kwenye maonyesho hapa Dodoma, anayewavalisha watu huwaambia: "Finya ushike, legeza uachie." Nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi mno, na upande wa kuachia yanapotosha.

Kushika hakuna maneno mengi. Mkono wa picha ukifika kwenye kitu, nawe ukabonyeza kitufe cha pedi, yaani kidhibiti kinachoshikwa mkononi, au ukabana kidole gumba na cha shahada mbele ya kamera, programu inakifunga kitu kile mkononi mwako. Hakuna uzito wala msuguano. Kinakufuata kwa sababu kimeamriwa kukufuata.

Kazi iko kwenye kuachia. Pedi ina kitufe, kwa hiyo walau amri iko wazi. Lakini tangu mwishoni mwa 2019, miwani ya Oculus Quest ilipoanza kusoma vidole vitupu kwa kamera, programu inalazimika kukisia: vidole vikiachana kiasi gani ndiyo mtu kaachia? Kamera haioni sawasawa muda wote, hasa kidole kimoja kikijificha nyuma ya kingine. Ukiweka mpaka mmoja tu, kitu kinadondoka na kunaswa, kinadondoka na kunaswa. Ndiyo maana watengenezaji huweka mipaka miwili: vidole vikaribiane sana ndipo ushike, kisha vitengane zaidi ya hapo ndipo uachie. Aliyelegeza tu bado yuko katikati ya mipaka hiyo, naye analalamika kuwa kitu kimemganda.

Mtazame anayeweka kishada cha zabibu juu ya meza ya humo ndani. Kimekaa vizuri. Anapofungua vidole, kiganja nacho kinasogea kidogo, na kwa kuwa kishada bado kimefungwa mkononi, kinakwenda nacho. Kikija kuachiwa kimeshapinda. Watafiti huiita athari ya Heisenberg, kwa jina la mwanafizikia Mjerumani: tendo la kutoa ishara ndilo linaloharibu kipimo. Dawa mojawapo ni programu kukumbuka mkono ulikuwa wapi sehemu ndogo ya sekunde kabla, na kukiweka kitu pale. Kwenye kurusha ni kinyume chake, maana hapo mwendo ule wa mwisho ndio unaotoa kasi.

Basi ndugu zangu mnaowavalisha watu miwani, waambieni wafungue vidole kabisa, mkono ukiwa umetulia. Na mgeni akisema miwani haishiki, mwulizeni kwanza: kitu kilimponyoka, au kilikataa kumtoka? Ni matatizo mawili, na ukilitibu moja kwa kusogeza mipaka, unalizidisha la pili.