Je, wajua kwa nini hedifoni nzuri kwa muziki huweza kuharibu mchezo wa VR (uhalisia pepe)?

Hedifoni yenye besi nzito, isiyo na waya na inayozima kelele zote za barabarani ni raha tupu ukiwa ndani ya basi. Iunganishe na miwani ya VR, na mara nyingi mambo huharibika. Nyayo za adui unazisikia vizuri, tena kwa sauti safi, lakini ukigeuka hayupo pale masikio yalipokuambia. Watu hulaumu mchezo, wengine hulaumu miwani. Kosa kwa kawaida liko kwenye kitu ambacho hakiandikwi kwa herufi kubwa juu ya boksi: muda ambao sauti inachukua mpaka kufika sikioni.

Tuanze na namna sikio linavyojua upande. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kitu kikilia kuliani kwako, wimbi lake hufika sikio la kulia kwanza, kisha hulizunguka fuvu na kufika la kushoto likiwa limechelewa kwa milisekunde 0.7 hivi, isizidi sana hapo. Milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo tunazungumzia muda mdogo mno, na bado ubongo unaupima. Pamoja na hilo, kichwa huziba sauti nyembamba, hivyo sikio la mbali huzipata zikiwa zimefifia. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliyaunganisha haya mawili mwaka 1907: sauti nene, zilizo chini ya hertz 1,500 hivi (yaani mitetemo 1,500 kwa sekunde), tunazitambua upande kwa tofauti ya muda; zile nyembamba zaidi kwa tofauti ya nguvu. Mikunjo ya sikio la nje nayo hupunguza na kukuza baadhi ya masafa ya juu, kuanzia hertz 5,000 kwenda mbele, na hapo ndipo ubongo hupata habari ya kama kitu kiko juu au chini.

Lakini kuna pengo. Sauti iliyo mbele yako kabisa na iliyo nyuma yako kabisa zote hufika masikio mawili kwa wakati mmoja. Unazitofautishaje? Unageuza kichwa, hata kidogo tu. Ukigeukia kulia na sauti ikaanza kuwahi sikio la kushoto, ujue iko mbele. Ikiwahi sikio la kulia, iko nyuma. Mwanasaikolojia Hans Wallach alilieleza jambo hili mwaka 1940, zaidi ya nusu karne kabla ya miwani ya VR kufika majumbani, na ndilo linaloitofautisha hedifoni ya VR na nyingine zote. Kwenye sinema au muziki, kichwa chako hakibadilishi kitu. Kwenye VR, kila ukigeuka mchezo hupiga hesabu upya ya kila sauti, na jibu linatakiwa likufikie ukiwa bado unageuka.

Sasa piga hesabu. Mtu anayegutuka hugeuka nyuzi 90 kwa nusu sekunde bila taabu, yaani mwendo wa nyuzi 180 kwa sekunde. Hedifoni za kawaida za Bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250. Chukua 200: katika muda huo kichwa kimeshasogea nyuzi 36, na sauti unayoisikia bado ni ya pale kilipokuwa. Adui aliye mita 5 kutoka kwako atasikika kama yuko mita 3 kando ya mahali alipo. Ukichelewa kwa milisekunde 40 tu, kosa linashuka hadi nyuzi 7, na wengi hawatalihisi.

Bluetooth huchelewa kwa sababu ya kazi inayofanyika njiani. Sauti inabanwa ili iwe ndogo, inagawanywa katika pakiti, inarushwa, kisha hedifoni inaiweka akiba kidogo kabla ya kuipiga ili isikatike mawimbi yakiyumba. Akiba hiyo ndiyo inayokula muda mwingi. Ukitazama video kwenye simu huoni tatizo kwa sababu simu huichelewesha picha makusudi ili ilingane na sauti. VR haiwezi kufanya hivyo. Watengenezaji wa miwani hulenga picha ijibu mwendo wa kichwa ndani ya milisekunde 20 hivi. Ukiichelewesha ili isubiri sauti, mchezaji ataanza kusikia kichefuchefu. Basi picha inatangulia na sauti inabaki nyuma. Kwenye mchezo wa mdundo kama Beat Saber, ambako unakata vibonge kwa kufuata ngoma, hata asiyejali upande wa sauti atashindwa kupata alama.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na wa maana kuliko yote: nunua hedifoni ya waya. Waya hauna ucheleweshaji wa kuzungumzia. Kama huwezi kabisa kuvumilia waya, tafuta hedifoni inayokuja na kidude chake cha USB-C cha mawimbi ya 2.4 GHz, nyingi za aina hiyo huwa chini ya milisekunde 40. Zipo pia Bluetooth zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchelewa kidogo, ila manufaa hayo huja tu kama miwani na hedifoni zote mbili zinaielewa teknolojia ileile. Upande mmoja usipoielewa, vifaa hivyo hurudi kimyakimya kwenye njia ya kawaida na ucheleweshaji wake wote. Anayerusha mchezo kutoka kompyuta kwenda kwenye miwani kwa Wi-Fi aweke ruta kwenye 5 GHz, kwani 2.4 GHz ndiyo njia inayotumiwa na Bluetooth na vidude hivyo vya USB.

Kuna mtego mwingine wa Bluetooth ambao wengi hawaujui. Mchezo ukiwasha maikrofoni ya hedifoni ili uongee na wenzako, Bluetooth ya kawaida huhamia kwenye hali ya simu. Hapo sauti inageuka kuwa ya mkondo mmoja kwa masikio yote mawili, na masafa yote ya juu yanakatwa. Upande wa sauti unapotea kabisa, si kupungua. Dawa yake ni kutumia maikrofoni iliyo ndani ya miwani yenyewe, na kwenye kompyuta kuizima maikrofoni ya hedifoni katika mipangilio ya sauti.

Vipi kuhusu zile zilizoandikwa 7.1, yaani zinazoiga spika nane zilizokuzunguka? Ziache, au zima kitufe chake. Mchezo wa VR umeshazipitisha sauti zake kwenye hesabu ya kichwa na masikio na kuzitoa katika mikondo miwili, kushoto na kulia, tayari kwa kusikilizwa. Programu ya 7.1 inaichukua kazi hiyo iliyokwisha na kuipitisha kwenye hesabu nyingine ya masikio. Matokeo yake ni mwangwi wa ajabu na sauti za mbele kuhamia nyuma au kuganda ndani ya kichwa. Kwenye Windows hakikisha programu nyingine za aina hiyo, yaani Windows Sonic, Dolby Atmos na DTS, zote zimezimwa kwa hedifoni hiyo. Vikuza besi pia vizimwe, maana besi iliyojaa kupita kiasi huzifunika sauti nyembamba zinazobeba habari za juu na chini.

Kabla ya kulipa, angalia tundu la miwani yako. Meta Quest 2 na Quest 3 zina tundu la pini ya milimita 3.5. Quest 3S, iliyotoka 2024, haina. Sauti ya waya inapita kwenye USB-C. PlayStation VR2 ina tundu la milimita 3.5 na huja na hedifoni zake ndogo za kuingiza sikioni, na PlayStation 5 yenyewe haikubali hedifoni za Bluetooth moja kwa moja. Kwa miwani isiyo na tundu la 3.5 utahitaji adapta ya USB-C, na hapa watu hupoteza fedha. Adapta ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura: yenye chipu ndani ya kubadilisha dijiti kuwa sauti, na yenye nyaya tupu. Ile ya nyaya tupu itakaa kimya kwenye kifaa kisichotoa sauti ya analogi kupitia USB. Muulize muuzaji kama ina chipu hiyo, iitwayo DAC, na kama anakubali uijaribu hapohapo, bora zaidi. Ukitaka kucheza huku unachaji, chagua yenye matundu mawili, moja la sauti na moja la umeme.

Pini yenyewe iwe ya kupinda kama herufi L. Ile iliyonyooka inachomoza nje, na mkono wenye kidhibiti ukiigonga kwa nguvu, kinachovunjika mara nyingi ni tundu la miwani badala ya pini. Ukichomeka na ukasikia muziki uko mbali kama umo ndani ya ndoo huku sauti za watu zikipotea, usiilaumu hedifoni bado: pini haijaingia mpaka mwisho, au mpangilio wa pete zake haulingani na adapta.

Urefu wa waya ni jambo dogo linaloleta usumbufu mkubwa. Waya wa mita 1.2 umetengenezwa kufika mfukoni. Kwenye VR unaning'inia kifuani na kunaswa na mikono. Pima kwa uzi kutoka kwenye tundu hadi sikioni, ongeza sentimita 10, na huo ndio urefu unaouhitaji. Ukiwa na waya mrefu, kunja unaobaki uwe duara pana, ulifunge nyuma ya mkanda wa miwani kwa kipande cha kitambaa cha kunata. Acha kitanzi cha sentimita 5 karibu na pini ili ukivutwa, mvuto usiishie kwenye tundu. Usifunge waya kwa kuukunja pembe kali, nyuzi zake za shaba hukatikia hapo.

Kisha uzito. Quest 3 ina gramu 515, na sehemu kubwa ya hizo iko usoni. Hedifoni kubwa ya gramu 300 inakufikisha zaidi ya gramu 800 kichwani, na shingo itakuambia baada ya nusu saa. Zaidi ya hapo, upinde wa juu wa hedifoni hukaa palepale unapopita mkanda wa miwani. Vitu hivyo viwili vikisukumana, miwani huteremka kidogo, macho yakatoka katikati ya lenzi, na picha ikawa na ukungu. Ndiyo maana wachezaji wengi hupenda hedifoni nyepesi za sponji kama Koss Porta Pro, muundo wa tangu 1984 ulio chini ya gramu 100, au Koss KSC75 zinazoshikizwa sikioni bila upinde wowote. Kampuni ya Valve ilikwenda mbali zaidi kwenye miwani yake ya Index ya 2019: spika zake zinaning'inia jirani na sikio bila kuligusa.

Aina hizo nyepesi ni za wazi, yaani hewa na sauti hupita. Kwa pwani yenye joto na unyevu kama Dar es Salaam au Mombasa, hilo ni neema, kwani mito ya ngozi bandia hujaa jasho na kuanza kubanduka. Pia unamsikia mtoto akiingia chumbani kabla hujampiga na kidhibiti. Za kufunika sikio zifae pale tu ambapo feni au jenereta ina kelele kiasi cha kukulazimisha upandishe sauti. Hapo zinalinda masikio, kwa kuwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kuzima kelele kwa umeme sikushauri kwa mchezo wa kusimama: unahitaji kusikia chumba chako.

Hedifoni za kuingiza sikioni ni nyepesi kuliko zote na zinafanya kazi vizuri, mradi mipira yake ikae sawa. Upande mmoja ukivuja hewa, besi ya upande huo huondoka na kila kitu huegemea upande mwingine. Waya wake ukisugua nguo utasikia vishindo sikioni; upitishe juu ya sikio na kuubana kwenye mkanda.

Kuhusu ukinzani wa umeme wa hedifoni, unaopimwa kwa ohm, chagua kati ya ohm 16 na 80. Miwani hutoa nguvu ndogo, na hedifoni ya studio ya ohm 250 hupata takriban moja ya nane ya nguvu ambayo ingepewa ya ohm 32, hivyo utasikia kwa unyonge hata ukiweka sauti mwisho.

Dukani, jaribu kwa simu. Piga sauti ya mtu anayeongea iliyorekodiwa kwa mkondo mmoja. Isikike katikati ya kichwa. Ikiegemea kushoto, geuza hedifoni, ya kulia iende kushoto. Ikihamia kulia, spika mbili hazilingani, iache. Ikibaki kushoto, ni masikio yako au jinsi ulivyoivaa.

Jaribio la mwisho ni ndani ya mchezo. Simama karibu na kitu kinachotoa sauti bila kusogea, kama redio au maporomoko ya maji, fumba macho, geuza kichwa polepole na halafu kwa kasi. Sauti ikikaa pale ilipo, umepata hedifoni sahihi. Ikikufuata kidogo kisha ikajirudisha mahali pake, ni ucheleweshaji. Ikizunguka pamoja na kichwa, kuna mahali imegeuzwa kuwa ya mkondo mmoja. Ikikimbilia upande uleule unaogeukia na kukitangulia kichwa, umevaa kulia kushoto.