Maonyesho makubwa ya bustani ni nini, na njia ya baiskeli hupita wapi yakija?

Ukimtajia Mtanzania neno "maonyesho", akili yake inakwenda Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa: mabanda, foleni getini, bidhaa zimepangwa mezani. Uwanja ni uleule kila mwaka. Maonyesho yakiisha, mabanda yanafungwa na watu wanasubiri Julai nyingine.

Maonyesho ya bustani ya Ujerumani na Uholanzi hayana uwanja wake. Yanahama. Huchagua mji, huchukua kipande kikubwa cha ardhi, hukaa hapo msimu mmoja wa maua, karibu miezi sita, kisha huondoka. Mji ndio unaobaki na ardhi iliyogeuzwa sura. Ndiyo maana mtu anayenyonga baiskeli kila jioni kwenye ardhi hiyo ana sababu ya kutaka kujua neno hili lina maana gani hasa, kabla uzio wa kwanza haujasimikwa.

Kwa Kijerumani huitwa Bundesgartenschau, neno refu ambalo ukilifungua ni jepesi: Bund ni shirikisho, Garten ni bustani, Schau ni maonyesho. Wenyewe hulikata wakasema BUGA. Ya kwanza ilifanyika Hannover mwaka 1951, na desturi iliyokaa ni kuifanya kila baada ya miaka miwili, kila mara mji mwingine. Mara moja katika miaka kumi hivi hupandishwa daraja ikawa ya kimataifa, nayo huitwa IGA. Waholanzi wana ya kwao, Floriade, ambayo tangu 1960 ilipofanyika Rotterdam imekuja mara moja katika miaka kumi hivi.

Mwaka 1951 si wa bahati tu. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha miaka sita nyuma na miji ya Ujerumani ilikuwa bado na kifusi. Watu hawakuhitaji tu kuona waridi. Walihitaji mahali pa kutembea, miti ya kivuli, barabara za miguu, uwanja wa watoto. Maonyesho ya maua yalileta fedha na mafundi. Kassel ni mfano ninaoupenda: mji ule ulikuwa umebomolewa vibaya kwa mabomu, na BUGA ya 1955 ikaja kuurudishia bustani zake. Pembeni ya maua yale paliandaliwa maonyesho ya sanaa, nayo ndiyo yaliyozaa documenta, ambayo leo ni miongoni mwa maonyesho makubwa ya sanaa duniani.

Kwa hiyo dhana hii ina tabaka mbili. Mgeni aliyenunua tiketi anaona tulipu, vitalu vya waridi, kumbi za maua. Mhandisi wa mji anaona kitu kingine: fedha za umma za kujenga daraja la miguu, kusafisha udongo, kuleta usafiri, na juu ya yote tarehe isiyoweza kusogezwa. Tulipu huchanua Aprili, nazo hazisubiri kikao cha madiwani. Mambo ambayo mji ungeyapiga kalenda kwa miaka ishirini hukamilishwa kwa mitano, kwa sababu kuna siku ya ufunguzi.

Sasa, ardhi yenyewe huchaguliwa wapi? Mara nyingi si ile bustani ya katikati ya mji iliyokwisha kutunzwa. Hutafutwa ardhi inayohesabiwa kuwa bado haijapata kazi. München mwaka 2005 walichukua Riem, uliokuwa uwanja wa ndege. Mannheim mwaka 2023 walichukua Spinelli, kambi ya zamani ya jeshi la Marekani, pamoja na bustani yao ya siku nyingi, Luisenpark. Kwingine huwa ni bonde la mto nyuma ya maghorofa, au kilima cha kifusi.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ardhi ya namna hiyo, waendesha baiskeli huwa wameigundua kabla ya mpangamiji. Hakuna magari, hakuna taa za barabarani, hakuna mtu wa kukuuliza unakwenda wapi. Pana kanjia ka udongo kalikopigwa na matairi tu, hakamo kwenye ramani yoyote. Mtoto anajifunzia hapo kuachia mikono. Mzee anapita kwenda dukani bila kugusa barabara kuu. Kwenye karatasi za mpango eneo hilo limepakwa rangi ya "wazi"; kwenye miguu ya watu wa mtaa limejaa tele. Maonyesho yakija hayaangukii patupu. Yanaangukia mazoea ya watu, na mazoea hayana hati miliki.

Berlin ilipitia hili mara mbili kwa maonyesho yaleyale. Uwanja wa ndege wa Tempelhof ulifungwa Oktoba 2008, na Mei 2010 ukafunguliwa kwa wananchi: zaidi ya hekta 300 za nyasi katikati ya mji, barabara mbili za kurukia ndege zenye lami pana, na njia ya mzunguko ya kilomita sita. Kwa mwenye baiskeli, barabara ya kurukia ndege ni raha isiyo na mfano. Unakanyaga, upepo unakukata usoni, mbele yako hakuna kona wala kizuizi karibu kilomita mbili nzima. Mpango wa mwanzo ulikuwa IGA ya 2017 ifanyike hapo. Mwaka 2012 ikaamuliwa ihamishiwe Marzahn, mashariki ya mji. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Mei 2014, wana-Berlin walipiga kura ya maoni kuhusu mpango mwingine, wa kujenga pembezoni mwa uwanja ule, na wengi wao wakataka ubaki ulivyo. Walichokuwa wanakitetea ni uwazi wenyewe. Si rahisi kumweleza mtu thamani ya mahali pasipo na kitu mpaka siku patakapowekwa kitu.

Marzahn nako hakukuwa patupu. Kuna kilima kiitwacho Kienberg, mita 102 juu ya usawa wa bahari, kilichokuzwa kwa kifusi na udongo uliochimbwa wakati maghorofa ya Marzahn na Hellersdorf yanajengwa enzi za Ujerumani Mashariki. Chini yake unapita Wuhle, mto mdogo mno, unaokwenda kumwagikia mto Spree kule Köpenick. Kando ya mto huo kuna njia ya kijani ambayo watu huifuata kwa miguu na kwa baiskeli, na mtu anaweza kutoka kwenye maghorofa akashuka nayo kusini bila kuhangaika na malori. Upande wa pili wa kilima kuna Gärten der Welt, Bustani za Dunia, ambazo zenyewe ni zao la maonyesho ya zamani: zilifunguliwa 1987 kama maonyesho ya bustani ya Berlin Mashariki, mji ulipotimiza miaka 750.

IGA ilifunguliwa tarehe 13 Aprili 2017, ikafungwa tarehe 15 Oktoba. Eneo lilikuwa hekta 104, likiunganisha Bustani za Dunia, Kienberg na sehemu ya bonde la Wuhle, vyote ndani ya uzio mmoja.

Uzio huo haukuwekwa kwa kuwachukia watu. Gharama za maonyesho haya huwa na mifuko miwili. Mfuko wa ujenzi, yaani njia, madaraja na miti, hujazwa na fedha za umma kwa kuwa vitu hivyo vitabaki. Mfuko wa uendeshaji, yaani wafanyakazi, walinzi, maua ya kubadilishwa na burudani, hutarajiwa kujazwa kwa sehemu kubwa na kiingilio. Pasipo uzio hakuna kiingilio. Kisha kuna maua yenyewe. Matunguu ya tulipu hufukiwa ardhini vuli ya mwaka uliotangulia. Yakimaliza kuchanua yanang'olewa na kupandwa maua ya kiangazi, halafu ya vuli. Baiskeli haina nafasi katikati ya vitalu hivyo na maelfu ya watu wanaotembea polepole wakitazama chini. Mimi mwenyewe ningeikataza.

Lakini mtazame mtu wa mtaa. Ni saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko kwenye majani, naye anashuka bonde la Wuhle kama alivyoshuka miaka yote. Anafika kwenye uzio. Upande wa pili anaiona njia yake: ileile inayopinda kulia penye mkingamo wa maji, ila sasa imemwagwa kokoto mpya na kuchongwa kingo. Geti litafunguliwa baadaye, kwa tiketi, na hata akiwa na tiketi baiskeli itabaki nje. Anageuza usukani, anapanda mpaka barabarani, anazunguka. Dakika kumi zimeongezeka, na pamoja nazo taa mbili na malori. Kwa mgeni wa siku moja hilo ni jambo dogo. Kwake ni kila siku, na si kwa miezi sita tu, kwa sababu kabla ya maonyesho kuna ujenzi, na ujenzi nao huja na uzio wake. Mtoto aliyekuwa na miaka saba siku mashine zilipoingia anaweza kuwa na kumi siku uzio unapoondoka. Hiyo ndiyo miaka yenyewe ya kujifunza baiskeli.

Watu waliokwenda kuiona IGA walikuwa takribani milioni 1.6. Uzio ulipoondolewa, Kienberg na bonde vikarudi kuwa bure, huku Bustani za Dunia zikiendelea kutoza kiingilio kama zamani. Nani alifaidika? Nikipima kwa haki, wengi. Kilimani palijengwa jukwaa la kutazamia mbali linaloitwa Wolkenhain. Magari ya kuning'inia kwenye waya, ya umbali wa kilomita moja na nusu, yakabaki yakifanya kazi. Njia zililainishwa ili hata mwenye kiti mwendo afike juu, mtu ambaye zamani kilima kile alikitazama kwa mbali tu. Hilo siwezi kulipuuza kwa ajili ya raha ya matairi yangu.

Hata hivyo, njia iliyolainishwa hubadilisha aina ya safari. Mwenye baiskeli ya mlimani hupenda mzizi uliojitokeza, mteremko wa ghafla, mahali pa kushika breki kwa akili. Mwenye baiskeli nyembamba ya mbio anataka lami, wala si kokoto zilizoshindiliwa, ambazo mvua ikizilamba huacha vijifereji, na mtu anarudi nyumbani na pancha. Mtembea kwa miguu anataka kokoto hizohizo kwa kuwa ni laini mguuni na maji hupenya. Njia moja haiwezi kuwaridhisha wote watatu, na wapangaji wa bustani, kwa jinsi nionavyo, humfikiria mtembeaji kwanza. Halafu umaarufu nao huleta umati. Mahali palipokuwa na watu kumi Jumapili pakiwa na mia tano, mwendo wa baiskeli huwa wa kuvuta, kengele mkononi muda wote.

Si kila mji hupata bustani mwishoni. Almere, Uholanzi, iliandaa Floriade ya 2022 kwenye hekta 60 kando ya ziwa la Weerwater, na tangu mwanzo mpango ulikuwa eneo hilo ligeuke mtaa wa makazi, uitwao Hortus, wenye nyumba 660, miti ikiwa imekwisha kupandwa kabla ya kuta. Walitegemea wageni zaidi ya milioni mbili, wakapata chini ya laki saba, na mji ukabaki na hasara. Kwa mwendesha baiskeli wa Almere, "baada ya maonyesho" maana yake ni barabara za mtaa zenye watu na magari ya wakazi. Koblenz nako, BUGA ya 2011 iliacha magari ya waya juu ya mto Rhein ambayo yalikusudiwa kuwa ya muda, lakini wenyeji wakayang'ang'ania yabaki. Neno "muda" katika maonyesho haya lina unyumbufu mwingi.

Ndiyo maana kwenye mikutano ya hadhara, mipango inapobandikwa ukutani, mtu wa baiskeli asipoteze muda kwenye picha za maua. Atafute kalenda. Uzio unasimikwa mwezi gani, na unaondoka mwezi gani? Njia ya kupitia, ile inayounganisha mtaa na mtaa, itakuwa wapi ujenzi ukiendelea: imechorwa, au imeandikwa tu kwamba "itazingatiwa"? Tabaka la juu la njia ni la nini, na nani atalifukia likichimbika mwaka wa tano, wakati kampuni ya maonyesho imekwisha kuvunjwa na simu yake haipokelewi? Maswali haya yakiulizwa kabla ya matunguu kufukiwa, mchoro bado unaweza kuhamishwa kwa kalamu. Baada ya hapo ni wa kuhamishwa kwa tingatinga, na hilo hakuna anayekubali kulilipia.

Bonde la Wuhle leo linapitika. Ukishuka nalo kwa baiskeli unapita chini ya magari yale ya waya. Yanavuka juu yako bila kelele, na kivuli cha moja kikikupitia mgongoni unahisi ubaridi wa sekunde moja. Mto uko palepale upande wako, mwembamba kama zamani.