Beseni limehama, paka hajahama

Wiki hii nimeambiwa tena. Mama mmoja ameingia na paka wa wiki 9 kwenye kikapu, na hata kiti hajakalia: "Daktari, huyu ana kiburi. Nimemhamishia choo chake, nimemwonyesha kwa mkono wangu, bado anarudi kukojoa palepale pa zamani. Ananikomoa." Mkomoaji mwenyewe alikuwa chini ya meza yangu, anapigana na kamba ya kiatu changu.

"Palepale kabisa?" nikamuuliza.

"Kigae kilekile!"

Sentensi hii nimeshaisikia mara nyingi mno, na kila mara anayeisema hasikii kwamba jibu tayari liko kinywani mwake.

"Nimemwonyesha, anajua, ni kiburi tu"

Paka anayekojoa kwenye kigae kilekile lilipokuwa beseni jana hajakaidi. Ametii. Ulimfundisha kwamba choo kiko kona ile, naye akashika. Wewe ukisema choo unafikiria chombo, yaani beseni na mchanga wake. Kwake yeye choo ni mahali: ukitoka unapolala, unapita chini ya meza, unakata kushoto, unafika kwenye kona yenye harufu yako. Umeondoa beseni, lakini njia ipo, kona ipo na harufu ipo. Mwangalie siku moja bila kumshtua. Atachutama kwenye sakafu tupu, amalize, ageuke, anuse, kisha aanze kukwangua vigae kwa mkono, anafukia kwa mchanga ambao haupo. Kama nia ilikuwa kukukomoa, hiyo kazi ya kufukia anamfanyia nani?

Tena, ili mtu alipize kisasi kwa mkojo, lazima kwanza ajue kwamba mkojo unakuchukiza. Paka hana habari hiyo. Kwake harufu ya mkojo wake mwenyewe si uchafu, ni alama kwamba hapa ni kwangu na ni salama.

Sasa tuje kwenye huko "kumwonyesha". Umembeba hewani kutoka sebuleni, umemtumbukiza mchangani, umemshika mkono wa mbele ukamkwangulisha. Kuchimba hahitaji kufundishwa. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 huanza mwenyewe kutafuta kitu laini cha kuchimba. Asichokijua ni njia, na njia paka huijua kwa miguu na pua. Aliyebebwa hajaipita. Alichojifunza ni kwamba mikono yako ikimshika anapelekwa mahali asipopajua na kulazimishwa kukaa.

Kumbuka pia kibofu chake ni kidogo. Haja humbana akiamka, akitoka kula, au katikati ya mchezo, na ikimbana hana dakika za kutafuta. Hukimbilia anapopajua.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama arudishe beseni kwenye kigae chake. Akaniangalia kama nimehongwa. "Kwa hiyo ameshinda?" Hakuna mashindano. Beseni la zamani linabaki, na beseni la pili linawekwa mahali papya. Chukua kijiko cha mchanga wenye mkojo wake kutoka la zamani, kimwage kwenye jipya, ili pua yake imwambie kwamba huko nako ni kwake. Akiamka au akimaliza kula, mvute kwa mchezo hadi huko, kwa kamba au kimpira, atembee mwenyewe. Akitumia beseni jipya wiki nzima bila kukosea, ndipo uondoe la zamani. Mimi nasisitiza wiki nzima. Siku mbili nzuri si ushahidi.

Kama una beseni moja tu na unalihamisha ndani ya chumba kilekile, lisogeze shubiri mbili kwa siku. Akikosea, rudi mahali pa mwisho alipofaulu, ukae hapo siku 2 au 3 kabla ya kuendelea. Watu huniambia shubiri mbili ni kuchelewa. Haya, na kufua zulia mara tatu kwa wiki ni kuwahi?

Halafu lipo swali ambalo naliuliza kila mara: huko ulikolipeleka kukoje? Mama yule alikuwa ameliweka pembeni ya mashine ya kufulia, nyuma ya mlango unaofungwa usiku. Mashine ikianza kuzungusha nguo paka akiwa amechutama, ataruka mara moja na huenda asirudi tena. Usiku akibanwa, atakuta mlango umefungwa. Hapo hata paka mwenye adabu kuliko wote atakwenda kwenye kigae. Mahali pazuri ni patulivu, pako wazi saa zote, na panamwezesha kumwona anayekuja na kuondoka bila kuzuiwa, hasa kama nyumbani kuna mbwa, mtoto mdogo, au paka mwingine anayependa kumvizia.

"Msugue pua kwenye mkojo, atakoma"

Atakoma kukojoa mbele yako. Ataanza kukojoa chini ya kitanda, nyuma ya kochi, ndani ya kabati lililoachwa wazi. Adhabu hiyo haimwelezi choo kiko wapi. Inamweleza tu kwamba wewe ni hatari wakati wa haja. Na kama ulimsugua dakika kumi baada ya tukio, hana hata namna ya kuunganisha hayo mawili. Sitaki kulijadili hili zaidi, naomba liachwe tu.

"Nimepasafisha kwa dawa kali, harufu imeisha"

Imeisha puani mwako. Pua ya paka ni kali kuliko yako kwa mbali sana. Dawa zenye amonia ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mkojo unaooza nao hutoa amonia, hivyo umempakia kona harufu inayofanana na choo. Klorini juu ya mkojo ni hatari nyingine: ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, yako na yake. Kausha kwanza kwa kitambaa kwa kukandamiza, usisugue, kisha tumia dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja mabaki ya mkojo, uiache ifanye kazi muda ulioandikwa kwenye chupa.

"Weka chakula karibu na beseni jipya ili apapende"

Kinyume chake. Paka hapendi kula anapojisaidia, wala kujisaidia anapokula. Ukiweka bakuli kando ya beseni, kuna hatari asusie kimojawapo, na mara nyingi hususia beseni. Tumia tabia hiyohiyo kwa faida yako: ukishaondoa beseni la zamani na kupasafisha vizuri, weka bakuli la chakula juu ya kile kigae. Huu ndio ushauri wangu ninaoupenda kuliko yote, na ndio ambao watu huusahau wakifika mlangoni.

"Kwa kuwa nahamisha, acha ninunue na beseni la kisasa na mchanga wa manukato"

Usibadilishe vyote siku moja. Mahali papya, chombo kipya, mchanga mpya. Atajuaje kwamba hicho bado ni choo? Manukato yanakufurahisha wewe tu. Beseni lenye mfuniko hushika harufu ndani na humnyima nafasi ya kuona nani anakuja. Kwa paka mdogo, ukingo wa kuingilia usizidi kama sentimita 5 hadi 7, la sivyo miguu haifiki. Na mchanga unaogandamana ukilowa subiri avuke miezi miwili, maana wadogo huula.

"Atazoea tu, mwache"

Kama anakojoa vizuri mahali pasipofaa, sawa, tuna muda. Lakini akiingia na kutoka kwenye beseni mara kwa mara, anachutama na kujikamua, analia, anajilamba chini, na kinachotoka ni matone au hakuna kabisa, hilo si suala la kuhama. Huenda njia ya mkojo imeziba. Madume ndio hupatwa zaidi kwa kuwa njia yao ni nyembamba, hasa wakishakua, na mkojo uliozibwa huweza kumuua paka ndani ya siku 2 au 3. Huyo analetwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mkojo wenye damu nao usiungoje mpaka kesho kutwa.

Jana yule mama amenipigia. Mabeseni ni mawili, na paka anayatumia yote: haja ndogo kwenye la zamani, haja kubwa kwenye jipya. Paka wengi hupenda kutenganisha hivyo. Alitaka kujua kama aliondoe la zamani leo, kwa kuwa wageni wanakuja Jumamosi. Nimemwambia wageni watapita kando yake.